Swichi Tuliyoiacha Imewashwa

Siku moja ya mavuno haijanitoka kichwani, mwanangu, nami naiandika kwa wasiwasi, maana huenda nimesahau kitu. Niliishia darasa la saba. Ukikuta nimekosea, nisahihishe.

Nilikuwa binti bado, nimekaa juu ya gunia langu la mahindi kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Rutta, hapa Isingiro. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Desturi yetu ilikuwa hivi: umeme ukikatika, hakuna anayezima swichi. Tuliiacha imewashwa makusudi, watu wakarudi migombani kwao. Umeme ukirudi, mota ilianza kunguruma yenyewe, nasi tukaisikia huko huko shambani tukaja mbio. Tuliona ni akili nzuri. Mzee Rutta naye aliona hivyo.

Kamugisha, kijana aliyekuwa akiiendesha mashine, akaona mkanda umetoka kwenye puli, lile gurudumu la mota linalouzungusha. Mama mmoja akamtania, "Kamugisha, leo wanangu watakula punje?"

"Waambie waje na meno, Ma Koku!"

Tukacheka wote. Naye akicheka, akaushika mkanda kwa mkono wa kulia ili aurudishe. Umeme ukarudi.

Nilichokiona sitakiandika. Nitasema tu kwamba kicheko chetu kilikuwa hakijaisha.

Kamugisha akiwa bado hospitali, maneno yakafika hadi Nkwenda: Mzee Rutta ametoa kafara, mota yake inakula watu. Siwalaumu sana waliosema. Mota ilikuwa ngeni kwetu, na uchungu ulikuwa mwingi. Vijana wakachukua mapanga wakaenda kuivunja, na sisi wengine tukawafuata. Mzee akatoka, hata shikamoo hakuna aliyempa. Akaiweka mota uani, akaifungua.

"Karibuni mkione kinachokula watu," akasema. "Hizi ni nyaya za shaba, zimezungushwa kwenye chuma. Umeme ukipita humo, chuma kinakuwa sumaku, na nguvu ya sumaku hiyo inazunguka humu ndani bila kupumzika. Hiki cha katikati hakijaungwa na waya wowote. Kinavutwa tu, kinaifuata ile nguvu, na mkanda unakifuata chenyewe. Umeme ukikatika, sumaku hakuna. Ukirudi, sumaku ipo, saa hiyo hiyo, kwa nguvu zote. Humu hamna jicho la kuona mkono wa mtu."

"Kwa hiyo kosa la nani?" mmoja akauliza, panga bado mkononi.

"Langu. Swichi ni yangu, nilipaswa kuwakataza. Lakini wewe, baba, uliwahi kuizima?"

Wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nikaondoka.

Ningependa kuandika kwamba maneno yaliisha. Hayakuisha. Mzee Rutta hakuiwasha tena ile mashine, na hata siku ya mazishi yake niliwasikia watu wawili nyuma yangu wakinong'ona kafara. Kamugisha yupo. Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, mkewe humfunga vifungo vya shati.

Sasa nasikia umepata kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa kule Rugu. Nimefurahi, na usingizi umepungua. Nisikilize, mwanangu. Mashine ikinyamaza, usidhani imezimwa. Kabla hujagusa mkanda, zima swichi kubwa, toa fyuzi, uitie mfukoni mwako wewe mwenyewe, usimpe mtu akushikie. Ndipo unyooshe mkono. Watakuita mwoga, na foleni ikiwa ndefu watakutukana. Waache. Na siku mtu akiumia, nenda kwanza ukaitazame swichi, kabla hujatamka jina la mtu.

Mungu akutangulie huko Rugu. Akurudishe kwetu ukiwa na mikono yako yote miwili, na shati lako ulifunge mwenyewe mpaka uzeeni. Amina.