Fromaji niliyomupa juji

Tribinali iliniita kwenye kesi: koperative iliyonikopesha inataka kuuza nyumba yangu ya Keshero, maana kulipa kulinishinda. Na avoka wangu wa kunitetea tulijuana kwa simu tu. Alinionya vizuri: "Mama, nitavaa robe nyeusi. Usiongee na mutu kabla hatujaonana." Kosa si lake.

Sisi watu wa Masisi hatuendi kuomba musaada mikono mitupu. Nikaona mwenye robe nyeusi mulangoni, nikajua ndiye avoka wangu, nikamutia mikononi fromaji, jibini ya ng'ombe zetu: "Maître, nyumba yangu isiende!" Nikakimbia kuketi kabla hajajibu.

Mara avoka wangu akaketi pembeni yangu, naye na robe nyeusi. Yule wa kwanza akapanda kwenye kiti cha juji, akaweka fromaji mezani.

"Mama wa fromaji, simama. Avoka wako ni nani?"

Avoka wangu akatazama viatu vyake.