Stesheni ya Mjomba

Juzi kijana alikuja kutufungia king'amuzi kipya, na katika zile stesheni za bei ya chini ambazo kila mtu hupewa, tukakuta moja ya Kihispania. Binti yangu akanuna. "Mama, hii ya nini sasa? Nani humu ndani anajua lugha hiyo?" Nilikuwa nimesharudi Likoni, ukumbini kwa bibi yangu, saa za baada ya sala ya alasiri.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mtaani kwetu palikuwa na fundi mwenye dishi kubwa juu ya ghorofa yake, akavuta waya nyumba hadi nyumba. Utadhani natia chumvi, lakini waya zile zilipita juu ya kamba za nguo na vichwa vya mipapai, na sote tukapata stesheni zile zile: za Kihindi, za Kiarabu, za Kiingereza, na hiyo moja ya Kihispania, ambayo fundi mwenyewe alisema ilijileta tu.

Watoto tuliichukia. Mwenye kuitazama alikuwa bibi. Mjomba wangu, kifungua mimba wake, alikuwa baharia, na barua yake ya mwisho ilitoka bandari moja ya Uhispania kabla mimi sijazaliwa. Basi kila alasiri bibi aliweka mbuzi yake mbele ya televisheni, akaikalia, akakuna nazi macho yakiwa kwenye kioo. Kwaru, kwaru. Jikoni mbaazi zikichemka, iliki ya mahamri ikinukia, nasi tumelala kifudifudi kwenye sakafu ya baridi. Maneno hakuyajali. Aliwatazama wapita njia walio nyuma ya watangazaji, sokoni na bandarini, akimtafuta mtu anayetembea bega la kushoto limeinama.

Siku moja akaacha kukuna. "Yule! Yule pale, wallahi ni yeye! Mtizameni bega!" Tulipoinua vichwa alikuwa ashapita. Tukacheka. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Kisha fundi akapata stesheni ya katuni. Mitambo yake haikutosha, ilibidi stesheni nyingine itoke, kwa hiyo akapita kila nyumba kuuliza ipi haitakiwi. Kwetu alinikuta mimi, bibi ameenda hitimani. Nilikuwa na miaka kumi na nilizitaka katuni zile kuliko Idi. Nikamwambia, "Hiyo ya Kihispania haitizamwi na mtu hapa."

Kesho yake bibi alikaa juu ya mbuzi akakuta vikaragosi vinakimbizana. Alibonyeza stesheni zote, akarudia, akarudia tena. Akavaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda kwa fundi. Fundi alikuwa barazani na wenzake, akamwamkia shikamoo kwa adabu zote.

"Bibi, watu hawaifahamu lugha ile."

"Na hicho Kizungu mimi nakifahamu? Mbona hukukikata? Mwanangu yuko kule, baba. Mimi sina dirisha jingine."

Fundi akainama, na mimi nikadhani bibi ameshinda, nikafurahi kwa ajili yake. Ndipo akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kusema, "Hata kwako nilipita kuuliza, bibi. Mjukuu wako huyu kaniambia haitizamwi."

Bibi akanitazama. Mkono wangu hakuuachia. "Haya," akasema, "twende zetu."

Tangu siku ile alikuna nazi jikoni. Mimi nilikaa peke yangu mbele ya katuni zangu, nikiisikia ile kwaru, kwaru ukutani, na sikuona raha yoyote. Hakunigombeza hata mara moja, na mpaka leo naona heri angenichapa.

Bibi ametangulia mbele ya haki, na mjomba hatukumpata. Nyumba imeuzwa, waya za fundi hazipo tena, na nazi siku hizi nainunua dukani imeshakunwa, imo kwenye pakiti.

Binti yangu alinyoosha mkono achukue rimoti. Nikamzuia.

"Kwani Mama, wewe wakijua Kihispania?"

Nikamwambia sikijui hata neno moja. Kisha nikamwomba asogee kidogo kando, amenikinga, maana nyuma ya mtangazaji kulikuwa na watu wanapita.