Habari Ileile Kila Alasiri

Alasiri za masika nyumbani kwetu Mji Mkongwe zina usingizi wa namna yake. Jua likijitokeza kati ya mvua mbili, mwanga hupita kwenye vioo vya rangi juu ya mlango wa roshani, ukajimwaga sakafuni mwekundu na kijani, na aliyekaa pale huona kama yumo ndani ya maji. Mama alikuwa akikaa humo humo kwenye mwanga, miguu kainyoosha juu ya mkeka, na kila ikiadhiniwa alasiri huita: "Hebu nileteeni asumini na chetezo. Mwenyewe yuko njiani."

Mwenyewe ni Baba. Alikuwa fundi cherahani, mshonaji wa kanzu, na miaka yote ya ndoa yao Mama alimpokea akitoka dukani hali kajifukiza udi, na asumini kichwani. Sasa Baba kafa na Mama yumo edani. Mjane hajitii manukato wala maua mpaka eda yake iishe. Kwa hiyo kila alasiri mtu alipaswa kumnyima, na kumnyima kulitaka maelezo.

"Umo edani, Mama."

"Eda ya nani?"

Lahaula, swali lile! Mama alikuwa na maradhi ya kusahau tangu kabla ya msiba, na habari ya kifo haikukaa. Alilia upya, akanyamaza, mwanga ukahama sakafuni, na kesho yake akaita asumini. Mdogo wangu alitaka tumdanganye, tumwambie Baba kaenda Makunduchi. Nikamjia juu: njia ya mwongo fupi, na mimi sikulelewa hivyo.

"Basi mwambie wewe," akasema, "mwenye moyo wa jiwe." Nikawa mimi.

Nasomesha biolojia katika skuli moja ya sekondari huko Amani, na jambo hili la kumbukumbu huwa nalieleza kwa kazi ya Baba. Seli mbili za ubongo zinapopeana ujumbe, pale zinapokutana panaitwa sinepsi. Ukijifunza kitu, pale pakutanapo hupata nguvu. Nguvu ya kwanza ni ya muda, kama bandi anayoipiga fundi kabla hajashona: ukivuta uzi, nguo inaachana. Jambo likirudiwa, au likigusa moyo sana, seli hujijenga upya, na hapo unakuwa mshono wa mashine. Ubongo wa Mama, niliwaza, umebaki na bandi tu. Nikajipa moyo kwamba akisahau, basi na uchungu unakwisha.

Haukwisha. Mama alianza kunikwepa. Nikiingia tu anajikunyata, anavuta kanga mpaka puani. Chai ya mdogo wangu anakunywa, yangu inapoa. Nilikasirika, wallahi. Nimwogeshe mimi, nimlishe mimi, halafu anigeuzie uso mimi! Siku moja nikamuuliza, kwa ukali kidogo, "Mama, nimekukosea nini?"

Akanitazama, uso wake umejaa ule mwanga mwekundu. "Sijui, mwanangu. Ila ukija wewe, moyo wangu unapiga."

Nikakaa chini. Kumbe alikuwa akijifunza. Habari yenyewe ilifumuka kila siku, lakini hofu ina mahali pake pengine katika ubongo, na huko maradhi hayakuwa yamefika. Sura yangu na ule uchungu vilishaunganishwa, na si kwa bandi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya msiba. Mama yangu angekufa akiniogopa, na asijue kwa nini.

Nikaacha kumwambia. Sikumdanganya, ila sikumwambia. Alasiri ikifika, kabla hajaita, nakaa miguuni pake na mafuta ya nazi, nampaka nyayo taratibu, nasema, "Mama, hebu nihadithie Baba alivyokuja kukuposa."

Hiyo ilishonwa zamani, haina wasiwasi. Alihadithia kwa sauti ya msichana. Baba alikwenda Makunduchi, kwao Mama, kumpima kaka yake Mama kanzu ya harusi, akawa anaupima mkono uleule, anarudia na kurudia, macho yako dirishani alikopita Mama. Kaka mtu akamwambia, "Fundi, mimi nna mikono miwili." Tunacheka. Anaanza tena, nacheka tena. Nilikuwa nikisinzia pale pale, mvua inagonga mabati ya jirani, harufu ya nazi mikononi, na sikujua tena kama hadithi ni ya jana au ya leo. Mara nyingine nilitega sikio nimsikie Baba akipanda ngazi.

Polepole kanga ikashuka kutoka usoni. Chai yangu ikaanza kunyweka. Siku moja nilichelewa kurudi kutoka skuli, mdogo wangu akanambia nimeulizwa: "Yule wa miguu yuko wapi?" Yule wa miguu! Nilifurahi kuliko kama angenitaja jina.

Halafu, eda ikielekea mwisho, alasiri moja sikumkuta mkekani. Alikuwa kakaa kitandani, wima, kama mtu anayengoja wageni.

"Kaa hapa," akasema. Nikakaa. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nna neno. Nimekuwa nikilizuia kwa kukuonea huruma, maana kila siku waniuliza habari za baba yako, na nakuona unavyofurahi. Lakini kukuficha si haki."

"Naam, Mama."

"Baba yako keshafariki."

Nikaikaza mikono yake.

"Najua inauma," akasema, akinipapasa vidole. "Mimi nshaambiwa siku nyingi. Aliyenambia simkumbuki. Nawe lia, usiweke moyoni."

Siku Baba alipokata roho, mimi ndiye niliyemfumba macho. Mimi ndiye niliyewapigia simu watu wote, mmoja mmoja, kwa sauti kavu. Nikaangusha kichwa mapajani mwa Mama, nikalia kwa kelele mpaka mdogo wangu akaja mbio kutoka jikoni. Mama akamwashiria kwa mkono atoke.

"Mwache," akamwambia. "Ndiyo kwanza kaambiwa."