Maji Baada ya Magharibi

Sikuwapenda tangu siku ya kwanza, na sitadanganya hapa kwamba sasa nawapenda. Walikuja baada ya mafuriko, wiki ya pili ya Ramadhani, watu wa shirika moja la kidini kutoka bara, na vizibao vyao vya buluu vyenye msalaba mgongoni. Kwetu Mtoni, huku bondeni, maji yalikuwa yameingia hadi kwenye makabati. Vyoo vilifurika vikachanganyika na visima, na watu wakaanza kuharisha. Kipindupindu. Mwenyekiti wa mtaa akawapa uwanja wa shule ya msingi, wakasimamisha hema mbili na kupanga mabenchi, na kila asubuhi kabla hawajamshika mgonjwa wanainamisha vichwa wanasali. Mie nikipita nasonya. Nasonya hasa, wasikie.

Nina mdomo, mtaa mzima unajua. Napika futari, mihogo na tambi za nazi, nauza barabarani kwa makuli wanaotoka Kurasini, na pale ukijifanya mpole watu wanakupanda kichwani. Mama alikuwaga ananiambia, "Mwanangu, mdomo uliponza kichwa." Namjibu, "Changu kigumu, mama." Anacheka, anaendelea kuchambua mchele wake.

Siku hiyo napita pale uwanjani saa nne asubuhi, nakuta binti mmoja wa kizibao anachanganya pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa wanaoharisha, kwenye ndoo, anawagawia watu vikombe. Eti anawafundisha. Mzee wetu muuza kahawa amekaa benchini, kikombe mkononi. Amefunga yule mzee. Kukataa anaona haya, kunywa hawezi. Kakitazama tu kile kikombe. Nikapandwa na mashetani.

"Nyie! Huu mwezi gani? Huko kwenu hakuna kalenda?"

"Shikamoo mama," akasema yule binti.

"Shikamoo yako kaa nayo! Unamnywesha mzee maji mchana wa Ramadhani, halafu mnajiita mmekuja kutibu? Semeni tu mmekuja kutugeuza dini!"

"Hapana mama, hatukujua kama tunakosea. Tuambie tufanyeje."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionizidishia hasira. "Aliyefunga msimpe maji mpaka adhana ya magharibi. Andika! Ubandike hapo kila mtu aone."

Akaandika kweli. Akachukua karatasi la manila na kalamu nene, mwandiko mzuri wa shule: WALIOFUNGA, MAJI BAADA YA MAGHARIBI. Akalibandika kwenye nguzo ya hema. Watu wakanipigia makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na mie nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mgonjwa hafungi. Hilo hata mtoto wa madrasa anayeanza alifu analijua. Mie nalijua, mama alilijua, mzee wa kahawa alilijua. Asiyejua ni yule binti, na sikumwambia, maana sikwenda pale kufundisha, nilikwenda kugomba.

Siku nne baadaye nikatoka mapema kwenda soko la Stereo kutafuta mihogo. Mama alinificha. Ameharisha tangu daku, mara sita, mara saba, na choo chetu tunachangia na wapangaji wanne, aibu ikamziba mdomo. Mama yangu alikuwa Mzaramo wa zamani, mtu wa haya zake. Nilipotoka tu akajifunga kanga, akajikongoja peke yake mpaka uwanjani. Narudi saa kumi, jirani ananiambia, "Mama yako kaenda kwa wale wa hema tangu saa sita." Nikabwaga mihogo pale pale mlangoni.

Nimemkuta benchi la nje, ameegemea ile nguzo yenye karatasi. Macho yamezama, midomo imekauka imepasuka, vidole vimekunjamana kama aliyeshinda anafua. Pembeni yake kikombe cha plastiki kimejaa mpaka juu, kimefunikwa kisahani nzi wasiingie.

"Mama, mbona hunywi?"

"Si nimefunga." Niliinama ndipo nikamsikia. "Nimemwambia huyu mtoto nimefunga, akasema basi bibi, tutasubiri adhana. Kanifunikia na kikombe. Ana adabu, wala hayuko kama ulivyomsema."

Dripu zilikuwa za waliozidiwa, ndani. Mama kila akipitiwa na kuulizwa hali anajibu, "Sijambo, mwanangu." Wakapita, wakawashughulikia wanaolia. Yule binti aliponiona akaja mbio na shikamoo yake, na mie nikamzaba kofi mbele za watu.

"Unamwacha mama yangu anakauka! Mgonjwa anafunga? Nani kakwambia mgonjwa anafunga?"

Akashika shavu. Hakujibu kwa jeuri, afadhali angejibu. Akaonesha karatasi tu. "Mama, si wewe?"

Nikageuka nikamshika mama kidevu, nikaweka kikombe mdomoni. Akabana meno. Mtu hana nguvu ya kunyanyua mkono, nguvu ya kubana meno anayo!

"Mama, wewe mgonjwa, huna funga! Kunywa!"

"Zimebaki saa ngapi?"

"Mama!"

"Kidogo tu zimebaki. Usinivunjie."

Maji yakamwagikia shingoni. Ndipo daktari akatoka, akamvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akafoka, wakambeba ndani. Wakatafuta mshipa mkono wa kulia, hakuna. Wa kushoto, hakuna. Wakahamia mguuni, na yule binti ndiye aliyeushika, machozi yanamtiririka, alama ya vidole vyangu shavuni. Mama hakufika magharibi.

Nilipotoka nje jambo la kwanza nililofanya si kulia. Nilibandua lile karatasi kwenye nguzo, nikalikunja, nikalitia kifuani. Hakuna aliyeniuliza. Kumwosha mama walinikataza mpaka nivae glovu na mabuti yao, nikamwosha hivyo hivyo, na maji yananuka dawa. Sikuweza kumgusa kwa mkono wangu mtupu. Hilo nalo nimewawekea kinyongo.

Siku ya tatu ya msiba, tumekaa kwenye mikeka, yule binti akaja. Kaacha kizibao, kajitanda kanga kichwani, kaifunga vibaya, inamvuka. Mkononi ana mfuko wa sukari na pakiti ya tende, bila shaka kauliza mahali watu wa pwani wanapeleka nini msibani. Akavua viatu, akapiga magoti mbele yangu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

Kina mama wakageuka. Shangazi akauliza, "Huyu nani?"

Nikajibu, tena kwa sauti, "Ndiye aliyemuua mama. Alimnyima maji."

Loh! Msiba mzima ulisimama. Sukari ikatupwa nje ikapasuka mchangani, wakamwita muuaji, wakamwita kafiri, mmoja akamvuta ile kanga ikabaki mkononi mwake. Yule binti hakuwatazama wao. Alinitazama mie. Alisimama pale mlangoni kichwa wazi, anasukumwa, ananisubiri niseme neno moja tu. Alijua ninalo, na mie nilijua anajua.

Nikajifunika kanga usoni, nikaangua kilio, wenzangu wakanipokea. Aliondoka pekupeku, viatu vyake vikabaki mlangoni kwetu mpaka arobaini. Karatasi lilikuwa bado kifuani, limelowa jasho, na kila nikivuta pumzi lilinichoma kwa pembe yake.