Matege Yaliyokomaa

Nesi wa kliniki ya watoto aliripoti kazini Songea tarehe 5 Julai 1993, akitokea Tanga, na khanga yake ndefu chini ya gauni ilifagia sakafu tangu siku hiyo. Watoto aliwavua masweta ya mitumba kama anayemenya vitunguu.

"Mama, unaficha mtoto au magendo?" nesi alimuuliza siku moja Imaculata, aliyemleta mwanawe amefunikwa hadi miguuni. "Bila jua, mwili hauchukui vizuri madini ya chokaa yaliyomo kwenye chakula. Mifupa inabaki laini, miguu inapinda."

"Nikimtoa nje, nesi, majirani watamcheka matege."

Nesi akapandisha khanga. Kati ya magoti yake mbuzi angepita bila kugusa.

"Wakitaka kucheka, waje wacheke haya yaliyokomaa."

Asubuhi iliyofuata mtoto aliota jua uani kwa Imaculata, nesi kando yake, khanga ameipandisha hadi magotini.