Kiingereza cha Maziwa ya Mbuzi

Kaluki wa Kyuso, kule Ukambani, alijifunza Kiingereza uzeeni, tena mara mbili, kwa sababu kile cha kwanza kilikataa kufanya kazi.

Cha kwanza alikipata kwa Mwalimu Mbithi. Mwalimu alikuwa amestaafu, lakini habari hizo zilikuwa hazijamfikia yeye mwenyewe. Alifungua darasa la watu wazima nyuma ya kanisa, akawa anakuja na shati lililopigwa pasi mpaka nzi akitua begani anateleza na kuvunjika mguu. Sheria yake ilikuwa moja: sentensi nzima, ama unyamaze. Hata ukibanwa na haja, uombe ruhusa kwa sentensi yenye kichwa, kiwiliwili na mkia. Mzee Mwau alianza kuomba ruhusa siku moja, na alipofika kwenye mkia hakuhitaji tena kutoka. Siku hiyo darasa liliisha mapema.

Kaluki alivumilia humo msimu mzima wa ndengu. Alitoka akiweza kusema, kwa Kiingereza kilichonyooka kama fito, kwamba malkia ameketi kwenye kiti cha dhahabu. Akazunguka Kyuso yote akitafuta mtu wa kumwambia.

Cha pili alikipata kwa Ladan, mke wa Deeq, yule mfanyabiashara wa mifugo. Ladan alilelewa ng'ambo. Alipoletwa Kyuso kama bibi arusi, Kiswahili chake kilikuwa salamu tu, na Kikamba hakukijua hata cha kufukuza kuku. Kaluki alikuwa akimpelekea maziwa ya mbuzi kila asubuhi, na kati yao hakukuwa na lugha nyingine ila hicho Kiingereza. Mlangoni pa Ladan hakukuwa na nafasi ya malkia.

"Maziwa leo kidogo," Kaluki angesema. "Mbuzi hasira."

"Hasira kwa nini?"

"Mume wake ameenda na Deeq. Sokoni. Harudi."

Ladan alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Kesho yake walimsengenya Deeq. Kesho kutwa walisengenya soko zima. Kabla mwaka haujaisha, Kaluki alikuwa anaweza kugombana, kupatana na kufariji mtu kwa Kiingereza, na hakuna sentensi yake hata moja iliyokuwa na mkia.

Sasa, kanisani kwao kuna desturi. Mahubiri ni lazima yatafsiriwe. Mhubiri anaweza kuwa Mkamba aliyezaliwa ng'ambo ya kilima tu, waumini wote wawe Wakamba, hata mbwa waliolala mlangoni wawe Wakamba, lakini mhubiri atasema Kiingereza, na mtu atasimama kando yake akikigeuza kuwa Kikamba. Akihubiri peke yake, watu wanasema hayo si mahubiri, ni matangazo ya mkutano wa chifu.

Maiki ya kutafsiri ilikuwa ya Mwalimu Mbithi. Na wahubiri wa huko, mnawajua, hukata maneno vipande vipande. Mhubiri anapaza sauti, "Na Musa!" kisha anangoja. Mwalimu naye anangoja.

"Tafsiri, ndugu."

"Bado sijaona kitenzi," Mwalimu anajibu.

Watu walilala. Mama Nzilani aliwahi kuota humo kanisani, akaamka akawasimulia majirani ndoto yote, na Musa bado alikuwa anangoja kitenzi.

Kaluki aliitaka ile maiki kuliko alivyowahi kutaka kitu. Sauti yake ilikuwa ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto na mbuzi wakaja, hata wa wenyewe. Lakini tangu usichana wake kanisani ilikuwa inaruhusiwa kwenye kiitikio tu, tena kutoka benchi la nyuma, kando ya mlango. Akamwendea Pasta Musembi.

"Pasta, nipe maiki Jumapili moja tu."

Mwalimu alikuwa karibu, akamwita Kaluki kwa jina la mtoto wake. "Mama Mutanu, Kiingereza chako ni cha zizini."

"Ndiyo, Mwalimu, na zizini wanakielewa. Chako nani amewahi kukijibu?"

Pasta Musembi akakohoa ili asicheke. "Sawa, mama. Jumapili ya mgeni utatafsiri wewe. Lakini ukiniaibisha, unarudi kwenye kiitikio mpaka Bwana arudi."

Mgeni alikuwa Mhubiri Jonah wa Kalamba, kule Makueni. Mama yake alijulikana, shamba lao lilijulikana. Lakini alisafiri mara moja kwa ndege, na aliposhuka, Kikamba chake kilikuwa kimebaki juu huko.

Jumapili ikafika. Kaluki akapanda jukwaani na leso mpya.

"Kulikuwa na mtu!" Jonah akasema kwa Kiingereza.

Kaluki akamtoa huyo mtu kwa Kikamba, akamwongezea kofia.

"Alikuwa mgonjwa!"

Kaluki akashika kiuno, akaugua mpaka akina mama wakamwonea huruma.

"Akalala kando ya njia!"

Hapo Kaluki akaeleza kwamba njia yenyewe ni ile ya kwenda kisimani, na watu walipita na mitungi yao bila hata kumsalimu, na wengine wako humu ndani. Kanisa likapasuka. Amina zikaruka hadi kwenye mabati.

Jonah akatambua kwamba amina zinakuja zamu ya Kaluki, zamu yake hakuna. Mhubiri hula amina, na huyu mama alikuwa anakula kwenye sahani yake. Kwa hivyo akatoa Kiingereza kizito, maneno marefu kama lori lenye trela. Likaja moja ambalo kichwa kilikuwa kimepita na mkia bado uko mjini Mwingi.

Hilo Kaluki hakuwahi kulisikia. Kanisa zima likamtazama. Mwalimu Mbithi, benchi la mbele, akakunja mikono na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Kaluki aliliona benchi lake la nyuma likimwita.

Basi akafanya kama alivyozoea mlangoni pa Ladan. Akamgeukia Jonah, maiki mdomoni, akamwambia kwa Kiingereza, "Pasta, hilo ni nini? Niambie kidogo kidogo."

Jonah akalieleza kwa neno lingine, refu zaidi.

"Na hilo je?"

Akatoa jingine.

"Na hilo?"

Jasho likamtiririka Jonah. Mwishowe maneno yakamtoka kwa Kikamba kitupu cha Kalamba, cha mama yake kabisa: "Mwaitu, mama, nasema Mungu hajachoka na sisi!"

Vigelegele. Mzee Mwau akarusha kofia na haikuonekana tena. Na Jonah sasa hakuweza kujizuia, Kikamba kikamwagika kama bomba limepasuka, na watu wakalia na kucheka pamoja naye.

Pasta Musembi akanyoosha mkono achukue maiki, maana kazi ya kutafsiri ilikuwa imeisha. Kaluki akaikumbatia kifuani.

"Mungu hajachoka!" Jonah akapaza kwa Kikamba.

"Mungu hajachoka!" Kaluki akanguruma kwenye spika, kwa Kiingereza.

Jonah akamtazama.

"Endelea, Pasta. Watu wanangoja."

Akaendelea. Kila alichosema kwa Kikamba, Kaluki alikigeuza Kiingereza cha maziwa ya mbuzi. Mwalimu alivumilia, alivumilia, akashindwa. Akasimama. "Sentensi nzima, Mama Mutanu!" Akaanza kuyarudia yote kwa Kiingereza chake safi, na mikia yake. Mahubiri yakawa yanapita kwa watu watatu, na majumbani ndengu zikaungua sufuriani, na hakuna aliyetoka.

Baada ya baraka Pasta Musembi alimfuata Kaluki mlangoni.

"Mama, sasa wewe unamtafsiria nani?"

"Na Mwalimu alikuwa anamtafsiria nani?"

Pasta alifikiri. Nyuma yake akina mama walikuwa tayari wanauliza kama Jumapili ijayo itakuwa hivi hivi. Alipomaliza kufikiri Kaluki alikuwa ameshafika barabarani, maiki ameifunga ndani ya leso, waya ukiburutika vumbini.