Ngozi ya Ndezi Kwenye Ncha ya Ufito

Ngozi ya ndezi ikishapigwa na jua siku mbili tatu hainuki tena kama mnyama. Inanuka kama mguu wa mtu mwenye donda ndugu aliyekataa kwenda zahanati. Harufu ile inaingia puani, inashuka kooni, inakaa hapo kama tonge lililokwama. Leo mimi ni bibi wa wajukuu wengi, naishi Mikumi kwa binti yangu kwenye nyumba yenye vigae na choo cha ndani, lakini nikifumba macho naipata harufu ile sawasawa, na mate yanajaa mdomoni, tena si mate ya hamu. Nilizaliwa juu vilimani, Mamboya, ambako kengele ya kanisa ya asubuhi ilitukuta tayari tuko shambani, na hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya uani kwetu msimu ule mama alipomfundisha mbwa wetu kazi kwa ufito.

Ufito wenyewe ulikuwa mti mwembamba, mrefu kumzidi mama, unaopinda bila kuvunjika. Kwenye ncha alifunga kamba ya katani, na mwisho wa kamba kipande cha ngozi ya ndezi, yule panya mkubwa wa vichakani, manyoya yake yangalipo. Mama akiuzungusha, ngozi inakimbia kwenye majani kama ndezi mzima, na mbwa nyuma yake. Mbwa alikuwa kijana, mwekundu kama udongo wa kwetu, na jina lake Mtasema. Kwetu mbwa hapewi jina la bure. Mama alifiwa na mume akakataa kurithiwa, akabaki na shamba lake na mimi, na watu wakapata la kusema. Basi kila jioni aliposimama mlangoni akaita Mtasema, Mtasema, kilima kizima kilipata jibu lake, wala hakumtaja mtu.

Shamba letu lilikuwa la mwisho kabla ya msitu, na uhai wetu ulining'inia hapo. Mahindi yakianza kutoa ndevu, nyani wanashuka. Nyani si mgeni wa kula akashiba akaondoka. Anauma hindi mara moja analitupa, anavunja jingine, kisha anakunya juu ya lile alilolitupa. Wazee walisema ukimchekea nyani utavuna mabua, nasi hatukuwa na kitu kingine cha kuvuna. Lakini mbwa asiyefundishwa naye ni hasara, maana anawafukuza mpaka ndani ya msitu, na huko dume la nyani linamgeukia linampasua tumbo. Mama alitaka mbwa wa kufukuza mpaka mwisho wa shamba, akisikia neno "acha" ageuke arudi. Ufito ulikuwa kwa ajili hiyo, si kwa ajili ya kuchekesha watu.

Na aliutumia kwa adabu. Alimkimbiza asubuhi, umande bado uko kwenye majani na ardhi haijawaka. Hakumkimbiza ameshiba, kwa sababu mbwa mwenye tumbo lililojaa akirukaruka, tumbo hujipinda, akafa ametuna kama kiriba. Alipokuwa bado mtoto alimpa mwendo kidogo tu, akisema mifupa ya mbwa mdogo ni kama muwa mchanga, ukiupinda haurudi. Ngozi ilikwenda chini chini, ikikata kona pana, haikuinuliwa juu kamwe. Na ulimi wa mbwa ukianza kuning'inia pembeni, mama alimwacha aikamate. Hapo anasema "acha", anampa kipande cha ugali, mbwa anaiachia, mchezo unaendelea kidogo. Mwisho wa yote anamwachia ngozi kabisa aende nayo nyuma ya nyumba, aitafune kama mwenye mali. Mama alisema mbwa anayekimbizwa kila siku asipate windo hugeuka kichaa, na mtu vivyo hivyo.

Faida tuliiona kwa macho. Mtasema aliyekuwa anatafuna kanga za mama na kunyemelea kuku wa jirani alitulia, akapata mapaja ya mbwa wa kazi, akawa analala mchana kama mzee aliyetoka kulima. Neno "acha" lilimsimamisha katikati ya mbio kama amefika ukutani. Mimi sikupenda sehemu yangu. Kazi yangu ilikuwa kuirudia ile ngozi nyuma ya nyumba, imelowa mate, inateleza, funza wanachezacheza kwenye manyoya, niikung'ute na kuianika. Nilisugua mikono kwa majivu mpaka ikawasha, na bado ugali wa jioni ulikuwa na ladha ya ndezi.

Ndipo akaja mjomba, kaka mkubwa wa mama, kutoka Mabwerebwere, kule Kilosa mjini. Sisi Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya dada yake na watoto wa dada yake, na kwa mawazo ya huyu wetu, hata juu ya mbwa wa dada yake. Alikuwa mtu wa mafuta ya nywele na suruali ya kunyoosha. Nilimpa shikamoo kwa magoti, naye akaitikia marahaba huku anatazama chungu. Alikula mdomo wazi, mchuzi ukamtiririka kidevuni, na mkono aliokuwa ameshikia ile ngozi kwa udadisi hakuunawa. Jumamosi alitaka ampeleke mbwa kilabuni, watu waone. Mama alimweleza yote, asubuhi, njaa, chini chini. Mjomba akacheka mpaka chembe za ugali zikaruka.

"Dada, huyu ni mbwa, si bibi harusi."

Kumnyima kaka yake kitu mbele ya watu kulikuwa ni kuukana ukoo. Mama akaniambia tu nifuatane nao, nimtazame mbwa.

Kilabu cha pombe cha kwetu kilikuwa banda la nyasi, mabenchi ya magogo, na mbele yake uwanja mgumu wa kokoto. Jumamosi mchana jua lilikuwa kali. Walevi walikaa povu la pombe limewakaukia midomoni, nzi wanatembea juu yake nao hawana habari. Mjomba akambwagia mbwa machicha ya pombe, akala akajaa, kisha akauinua ufito juu, juu kabisa, ngozi ikaning'inia juu kuliko kichwa cha mtu. Mtasema akaruka. Wakapiga kelele kwamba ipandishwe, naye akaipandisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mjomba aliposifiwa alitia sumu. Kila mbwa alipokaribia kuifikia, aliinyakua. Hakumpa hata mara moja.

Jumamosi ile ikazaa nyingine, na mjomba hakuondoka. Mbwa akaanza kuharibika tukimwona. Alikimbiza vivuli vya kuku ukutani. Alining'ata kisigino kwa sababu ya pindo la gauni lililopepea. Vidole vyake vilichubuka kwa kokoto, katikati vikatunga usaha, na nyumba ikapata harufu nyingine juu ya ile ya kwanza. Kubwa kuliko yote, shambani mama alisema "acha" mbwa asisikie, mara mbili akampoteza msituni, akarudi kwa bahati. Mama alimwambia kaka yake. Akajibiwa kwamba wivu wa kike hauna dawa.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku ya mwisho Mtasema aliruka juu kuliko siku zote, akajipinda hewani kuifuata ngozi, akatua kwa mguu mmoja wa nyuma. Goti lilitoa sauti kama kijiti kikavu. Alilia sauti ambayo sikujua mbwa anayo. Wakacheka. Naapa walicheka, na mmoja alicheka mpaka akatapika pale pale pembeni ya benchi. Na mjomba, mtu wa kanisani, mtu wa ukoo, aliishusha ile ngozi akaiburuta mbele ya pua ya mbwa aone kama atainuka. Mbwa akajaribu kuinuka. Nimeona mengi katika umri huu, nimeosha maiti, nimezalisha wanawake njiani, lakini kitu kilichonichefua kikakosa mwenzake ni yule mbwa anayejaribu kuinuka.

Mama alikuja akambeba mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Alimfunga mguu kwa vijiti na magome, akamlisha kwa mkono. Mbwa hakufa, lakini ule mguu haukugusa chini tena. Nyani nao si wajinga. Walimkaa mbali siku chache, wakaelewa, wakashuka wote na watoto wao mgongoni. Tulipiga madebe mpaka mikono ikavimba. Dume lao lilipanda juu ya dungu letu la kulindia, likakaa pale linakula mahindi yetu huku linatutazama. Tulivuna mabua, kama walivyosema wazee, na mwaka ule tulishuka Masanze kulima vibarua kwa watu tupate unga.

Lakini kabla hatujashuka, mama alichukua ule ufito na ngozi yake iliyooza, akapita nao katikati ya kijiji mchana kweupe. Nilimfuata. Mjomba alikuwa amekaa benchini anasimulia. Mama akasimama kwenye uwanja wa kokoto, akaupunga ufito, ngozi ikampiga kaka yake begani, ikaacha alama kwenye shati.

"Ruka, kaka," akasema. Hakupaza sauti. "Ruka tuone."

Hakucheka mtu. Akaipitisha mbele ya pua yake mara nyingine, funza mmoja akadondoka kwenye kibuyu cha pombe, na mjomba akainuka akaondoka bila kumtazama mtu. Wazee wa ukoo walimwita mama, wakamwambia amemvua nguo kaka yake, aombe radhi. Akapika, akampelekea, akapiga magoti. Ila mjomba hakukanyaga tena uani kwetu, na jioni mama alisimama mlangoni akamwita mbwa wake kilema, Mtasema, Mtasema, kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Sasa nije kwa mjukuu wangu Neema. Huyu najivunia, msinikataze. Amesomea mifugo, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe, na anamfuga mbwa mkubwa anaitwa Bosi. Mwezi uliopita aliagiza kutoka Dar fimbo ya plastiki yenye kamba ya mpira, na mwisho wake kidude cha manyoya ya bluu. Alinisomea maelezo kwenye simu: asikimbizwe akiwa mdogo, asikimbizwe ameshiba, chini chini, mwachie ashike. Nikamwambia hayo mama yangu aliyajua bila simu, akafurahi kweli. Jioni nikatoka nje nikamkuta ameinua fimbo juu ya kichwa, rafiki yake anapiga picha, na Bosi anaruka kwenye sakafu ya saruji, anatua kwa kishindo.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, ila sikuwa natania. "Ruka tuone."

Akasema bibi jamani, watu wanapenda akiruka. Nikauliza watu gani. Akanigeuzia simu, nikaona vichwa vidogo vya njano vinacheka mpaka machozi, vimepangana safu kwa safu. Kilabu kile kile, yamekosekana mabenchi tu. Nikamwonyesha mguu wa nyuma wa Bosi, jinsi alivyokuwa anauweka chini kwa kuusikilizia. Neema akapiga magoti kwenye saruji na lile koti lake, akaushika goti akalikunja polepole, na uso ukambadilika. Rafiki yake akauliza kama waendelee. Neema akamwachia Bosi kidude, naye mbwa akaenda nacho nyuma ya tangi la maji akichechemea kidogo.

Bosi alipokichoka nilikwenda kukiokota. Kilikuwa kimelowa mate. Nikakisogeza puani, mazoea ya zamani, hakikunuka kitu. Ngozi ya ndezi ilikuambia wazi umeshika nini, ukaenda kunawa. Hiki hakisemi. Nikaingia ndani, nikafungua bomba, nikasugua mikono mpaka ikawasha.